Shangazi, nimeficha DNA yangu kwenye friza la maabara

Shangazi shikamoo. Samahani barua itakuwa ndefu, hili jambo sijamwambia mtu yeyote na nikianza sijui ntaishia wapi.

Mimi ni binti wa miaka 25, namalizia masta ya jenetiki. Mama yangu ana ugonjwa wa Huntington, ule wa kurithi unaoharibu ubongo taratibu. Aligundulika nikiwa na miaka 19 ila ukiniuliza ulianza lini ntakwambia mapema zaidi ya hapo, bado niko sekondari, mama ambaye hajawahi hata kunifokea akaanza kuwaka kwa vitu vidogo vidogo, afu vyombo vikawa vinamponyoka, afu akikaa kwenye kiti miguu haitulii na vidole vinacheza kama mtu anayepiga kinanda, watu wakawa wanasema kalewa. Mama hajawahi kugusa pombe maishani mwake. Bibi aliyemzaa naye alifariki hajafika hata miaka 60, wakasema ni akili tu zilimruka, sasa hivi ndo tunaelewa ilikuwa nini.

Daktari alipotueleza kwamba ni wa kurithi na kila mtoto ana nusu kwa nusu, mdogo wangu wa kiume aliinuka akatoka nje na mpaka leo hilo jina halitaki kulisikia. Mi ikawa kinyume chake, nikawa nasoma kila kitu ninachokipata, nikabadilisha kozi, ndo nikaingia jenetiki. Kwa hiyo kila mtu akiniuliza kwa nini umesoma hiki nasema napenda tu sayansi, na ni kweli naipenda, ila sio ukweli wote.

Sasa mwezi uliopita profesa wangu kaniita, maabara imepata hela ya utafiti ya miaka minne na anataka nibaki nifanye PhD. Na mada shangazi ni hiyohiyo, Huntington, kwa nini ile sehemu ya jeni inayojirudia inazidi kurefuka ndani ya seli za ubongo kadiri mtu anavyoishi. Profesa hajui kuhusu mama. Pale hakuna anayejua.

Nilipomwambia mama sikupata ile furaha niliyoitegemea. Anaongea polepole siku hizi, inabidi umsubiri, akaniambia "nilikuzaa uishi, sikukuzaa uje unichungulie kwenye darubini." Nikatoka nikaenda kulia bafuni.

Na hapa ndo penye aibu yangu. Wiki tatu zilizopita nilibaki maabara usiku peke yangu, nikajitoa damu kidogo kidoleni, nikatoa DNA, nikaweka kwenye tyubu, sikuandika jina nikachora nyota tu juu ya kifuniko. Praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kipimo, nimeagiza pamoja na za kazi, zimeshafika. Kila nikifungua lile friza naiona nyota. Nimejiambia nikijua jibu ndo ntajua kama niikubali PhD au niikatae. Kama ninao basi nikubali maana hakuna atakayepigana kama mimi, ila pia kama ninao kwa nini nimalizie miaka yangu mizuri ndani ya maabara? Na kama sina si niende zangu nikafanye kitu kingine nipumue, ila kama sina na nikaondoka si ntakuwa nimemtoroka mama na mdogo wangu?

Natakiwa kujibu mwisho wa mwezi huu. Nisaidie shangazi, silali.

Mwenye Nyota

---

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile mara ya kwanza nilipofika kwenye nyota ilibidi niiweke chini kwanza, maana najua ilivyo kubaki maabara usiku mashine zinavuma na wewe kichwani una swali moja tu. Kabla sijaanza safu hii nilifanya kazi kwenye maabara za jenetiki zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo niruhusu nianze kukujibu kama mtu wa pipeti, ushangazi utafuata.

Hiyo tyubu usiipime. Naanza na sababu za kiufundi kwa sababu wewe ni mwanasayansi na maneno ya huruma peke yake hayatakuzuia saa sita usiku. Jeni ya ugonjwa huu, HTT, ipo kromosomu ya 4 na unazo nakala mbili, moja ya mama moja ya baba. PCR yako ya kawaida, ile mbinu ya kukuza nakala za DNA, ikikupa bendi mbili, yaani mistari miwili kwenye jeli, haya, utazisoma. Ikikupa bendi moja je? Inawezekana nakala zako zote mbili zina urefu mmoja na uko salama kabisa, na inawezekana vilevile moja ni ndefu kiasi kwamba PCR imeshindwa kuikuza na kwenye jeli haionekani kabisa, yaani jibu la kufurahi na jibu la kulia yana sura moja na wewe uko peke yako unaitazama. Maabara za hospitali zilizoidhinishwa kwa kipimo hiki zina njia nyingine za kuvitofautisha, zina sampuli za kulinganishia ambazo urefu wake unajulikana, zinajua kosa lao ni la marudio mangapi ya ile sehemu inayojirudia. Na hapa marudio mawili tu ni kitu kikubwa, unajua mwenyewe, chini ya 27 ni kawaida, kuanzia 27 mpaka 35 mwenyewe hauugui ila kwa watoto inaweza ikarefuka, 36 mpaka 39 unaweza kuugua na unaweza usiugue, 40 kwenda juu ugonjwa utakuja ukiishi vya kutosha. Sasa jeli yako ya kienyeji ikikuonyesha kitu kama 38 hivi, utalala?

Sababu ya pili ni kwamba jibu la hivyo halirudishwi lilikotoka. Kuna utaratibu wa kimataifa wa kipimo hiki uliotengenezwa na wanasayansi wakishirikiana na familia zenyewe, kwanza unakaa na mshauri wa jenetiki, unapewa muda wa kufikiri, unakuja na mtu wako, watoto hawapimwi kwa ajili ya kutabiri, na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba hata damu ikishatolewa na jibu likishakuwa tayari bado una haki ya kusema sitaki kulisikia na hakuna atakayekulazimisha. Wewe peke yako na jeli yako huwezi kujipa hiyo haki, macho yakishaona yameona. Na ujue pia huko ambako kipimo hiki kinapatikana bila shida, wengi wenye hatari kama yako hawapimi, wanaopima ni chini ya mmoja kati ya watano. Nakwambia hivi ili usijione mwoga kwa kuishi bila kujua, mdogo wako pia sio mwoga.

Haya, tuje kwenye PhD.

Rudia ulichoniandikia. Ukisema "kama ninao" umetoa sababu ya kukubali na sababu ya kukataa, ukisema "kama sina" ni hivyohivyo, una sababu ya kwenda na sababu ya kubaki. Kwa hiyo mwanangu hata tyubu ingesema ukweli mtupu ungebaki palepale ulipo, ila sasa ukiwa na mzigo mwingine juu. Umeiuliza ile tyubu swali ambalo sio lake.

Nikupe watu wawili. Wa kwanza Nancy Wexler, naamini unamjua kwa jina. Mama yake Leonore aligundulika na Huntington mwaka 1968, Nancy akiwa mdogo kidogo kuliko wewe ulivyo sasa. Hakuwa mtu wa jenetiki kabisa, alisomea saikolojia. Kuanzia 1979 akawa anaongoza timu kwenda Venezuela, vijiji vya pembeni ya Ziwa Maracaibo ambako familia zenye ugonjwa huu ni nyingi kuliko popote, miaka nenda rudi wanachukua damu na kuchora nani kamzaa nani, mpaka wakafikisha ukoo wa watu zaidi ya 18,000 na sampuli za damu zaidi ya 4,000. Mwaka 1983 kundi la mwanajenetiki James Gusella likapata alama ya DNA iliyo karibu na jeni hiyo kwenye kromosomu ya 4, na 1993 jeni yenyewe ikapatikana, kazi ya wanasayansi 58 kutoka makundi sita. Muda wote huo yeye mwenyewe ana nusu kwa nusu kama wewe, na miaka yote alikuwa hasemi hadharani kama amepima au la. Ni mwaka 2020, akiwa na miaka 74, ndo alisema waziwazi kwamba naye anao.

Wa pili Sonia Vallabh. Mama yake alifariki mwaka 2010 kwa ugonjwa wa prioni wa kurithi, yaani protini za ubongo zilizojikunja vibaya, unaua ubongo kwa kasi ya ajabu, na wenyewe ni nusu kwa nusu vilevile. Sonia alikuwa mwanasheria, mume wake Eric Minikel alikuwa mtu wa mipango ya usafiri, biolojia hawaijui. Yeye alipima, mwaka 2011 akaambiwa anao. Wakaacha kazi zao, wakaanza madarasa ya jioni, wakaingia maabara kwenye nafasi za chini kabisa, baadaye wote wawili wakachukua PhD Harvard na sasa wana maabara yao kwenye taasisi ya utafiti ya Broad Institute wanatafuta dawa ya ugonjwa huohuo.

Mmoja aliamua kujua mapema, mwingine alilifunga hilo swali kifuani mwake miaka yote. Kazi waliifanya wote wawili. Kipimo ni mlango wake na PhD ni mlango wake, wewe umezifunga kwa kamba moja na ndo maana huwezi kufungua hata mmoja.

Kwa hiyo niulize swali la PhD lilivyo: hii kazi unaweza kuipenda siku ambayo haikupi chochote? Kwa sababu siku hizo ndo nyingi. Mimi kuna kipindi nilikaa miezi minane nafuga panya wa aina moja, wikendi naenda kuwaangalia, mwishoni tukagundua mabadiliko ya jeni tuliyoyataka hayakuwemo toka mwanzo, miezi minane ikaenda. Nililia, afu Jumatatu nikaanza upya, na nilianza upya kwa sababu swali lenyewe lilikuwa bado linaniwasha. Kwa wewe itakuwa ngumu zaidi, jaribio likifeli sio jaribio tu, ni mama. Nilikuwa na mwenzangu baba yake alikuwa na Parkinson na yeye anatafiti Parkinson, alikuwa mzuri kutuzidi wote, ila kila matokeo mabaya alikuwa anayachukua kama amemkosea mzee wake na mwaka wa tatu akaanguka kabisa, akapumzika miezi sita. Alirudi, akamaliza, leo ana maabara yake, ila aliporudi alirudi kwa masharti mengine na hayo ndo nataka wewe uanze nayo.

Sharti la kwanza, usiingie kwa ahadi ya kumponya mama. Natetemeka kuandika hivi lakini lazima nikuandikie. George Huntington aliuelezea huu ugonjwa 1872, jeni imepatikana 1993, na mpaka sasa dawa zilizoidhinishwa zinapunguza zile cheza-cheza za mwili na kusaidia hasira na huzuni, ugonjwa wenyewe hazijausimamisha. Mwaka 2021 mwezi wa tatu jaribio kubwa la dawa ya tominersen, ya kupunguza protini inayotengenezwa na jeni hiyo, lililokuwa na watu karibu 800 lilisimamishwa, na sio kwa kukosa hela, waliokuwa wanachomwa sindano mara nyingi zaidi walikuwa wanafanya vibaya kuliko wasiopewa dawa. Fikiria wale wagonjwa na familia zao, na fikiria wanasayansi walioipa ile dawa miaka na miaka, iliwabidi warudi mezani kuuliza tulikosea kipimo cha dawa, tulichelewa, au tulishusha protini ambayo mwili bado unaihitaji. Ugonjwa wa mama una mwendo wake na utafiti una mwendo wake, ukiifunga furaha yako kwenye matumaini kwamba huu wa pili utauwahi ule wa kwanza utavunjika kabla hujafika mwaka wa pili.

Ila sasa nikwambie na upande mwingine maana siko hapa kukukatisha tamaa, hiyo mada aliyokupa profesa ndipo penye moto kwa sasa. Mtu anazaliwa na marudio 42 mathalani, kwenye damu yanabaki hapohapo karibu, ila kwenye baadhi ya neva za ndani ya ubongo yanaongezeka taratibu miaka yote mpaka yanafika mamia, afu neva inakufa. Watafiti walipochambua DNA za maelfu ya wagonjwa wakiuliza kwa nini watu wawili wenye marudio sawa mmoja anaanza kuugua mapema na mwingine anachelewa, jeni zilizojitokeza ni zile za kukarabati DNA, FAN1, MSH3 na wenzake. Yaani fundi anayekarabati ndiye anayerefusha au kuzuia. Kama ukiweza kumtuliza huyo fundi bila kuharibu mengine, pengine unausogeza ugonjwa mbele miaka mingi, na hilo swali liko wazi leo, mtu mwenye miaka 25 anayeanza sasa anaweza kuliwahi. Mi nikisoma hizo kazi natamani nirudi maabara.

Na ujuzi wake haufungwi na ugonjwa mmoja. Marudio ya namna hii yapo kwenye ataksia ya Friedreich (ataksia ni kushindwa kuratibu mwendo wa mwili), yapo kwenye distrofi ya miotonia inayodhoofisha misuli, yapo kwenye ataksia nyingi za uti wa mgongo na ubongo mdogo, kwa hiyo ukiona unataka kazi hii ila sura ya mama imekuwa karibu mno unaweza kumuomba profesa mradi unaoangalia jinsi marudio yanavyorefuka kwenye ugonjwa mwingine, mbinu zilezile, na ukiwa na nguvu unasogea. Muulize pia mapema utafanya kazi na nini hasa, seli za kwenye sahani, panya, au ubongo wa watu waliofariki na kuuachia utafiti. Hilo la mwisho jiulize kwa makini, kukata kipande cha ubongo wa mtu aliyeugua kama mama yako kuna watu wanasema imewapa amani na kuna walioshindwa, hakuna mwenye makosa. Na chochote utakachochagua jifunze takwimu na kuandika programu, R au Python, nusu ya jenetiki ya ubongo sasa hivi inafanyika kwenye kompyuta na mimi nilichelewa sana kujua hilo nikawa naomba msaada kwa wengine kila siku.

Muulize na yale ambayo wanafunzi wanaona aibu kuuliza: hela ya miaka minne ikiisha na wewe hujamaliza inakuwaje, waliomtangulia walimaliza kwa muda gani na wako wapi sasa, mtu akipata shida nyumbani anapewa ruhusa vipi. Wanafunzi wake wa zamani waandikie mwenyewe, watakwambia mambo ambayo yeye hatakwambia. Baada ya PhD mara nyingi ni mikataba mifupi ya utafiti, miaka miwili huku mitatu kule na pengine kuhamahama, hilo kwa mtu mwenye mama mgonjwa sio jambo dogo, liweke mezani toka sasa. Kama haliwezekani, ushauri wa jenetiki ni kazi, uchambuzi wa data ni kazi, kusimamia majaribio ya dawa ni kazi, na kwa familia kama yenu mshauri mzuri wa jenetiki ni mtu anayekumbukwa maisha yote.

Kuhusu kumwambia profesa, hulazimiki. Siri ya damu yako ni yako na ni ya mama yako pia, na sio kila bosi anajua kuibeba. Ila usiingie bila mtu hata mmoja anayejua, na asiwe mtu anayekupa maksi.

Sasa mama. "Nilikuzaa uishi." Mwanangu, mi sikuisikia kama katazo, nimesikia mtu anaogopa kwamba mtoto wake akimtazama haoni tena mama anaona ugonjwa, na anaogopa kwamba ile hatia ya kukurithisha, ambayo hana kosa lolote ila wazazi huwa wanaibeba tu, wewe utaishi nayo kila siku kazini. Rudi ukae naye. Usiende na maelezo ya marudio na FAN1. Mwambie unaipenda sayansi, mwambie na ile nusu nyingine ya ukweli unayowaficha wengine, afu muulize angependa nini, umsubiri aseme, umesema mwenyewe inabidi kusubiri, basi subiri hata kama ni nusu saa. Na asipokubali bado unaweza kwenda, wewe ni mtu mzima, lakini uende akiwa amesikilizwa.

Mdogo wako muache na ukimya wake. Ila siku ukiamua kupima kwa njia halali mfikirie kabla, maana jibu lako halisemi chochote kuhusu lake lakini akikutazama usoni atalisoma lako na wewe utakuwa umemlazimisha kujua kitu alichokikataa.

Omba miadi na mshauri wa jenetiki, nenda kaongee tu bila kutoa damu, inaruhusiwa, watu wanaenda mara tano na hawapimi. Praima ziache zitumike kwa kazi. Ile tyubu yenye nyota kesho asubuhi itoe kwenye friza kabla wenzako hawajaingia, itupe kwenye ndoo ya taka za kibaiolojia, funika. Afu kaa umwandikie profesa imeili ya mistari mitatu, shukuru, omba wiki mbili zaidi, na usieleze kwa nini.